Mkasi wa Kupogolea Katika Kizibao Changu cha Mawindo

Marehemu baba alikuwa na kihamba cha kahawa katika miteremko ya Kilimanjaro, na mkasi wake wa kupogolea mibuni ulikuwa hautoki mfukoni, hata alipokwenda kanisani. Nilipoanza kuwinda bata mzinga hapa Kentucky nilinunua karibu kila kitu nilichoambiwa kwamba mwindaji anakihitaji: bunduki ya marisau, nguo za madoa madoa, sanamu ya bata jike, kibao cha jiwe kinachokwaruzwa kwa kijiti ili kuigiza sauti yake, na kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kuijaza. Ilinichukua misimu miwili kukumbuka chombo nilichokulia nacho.

Msimu wa masika huku hufunguliwa katikati ya Aprili, wakati madume yanapotafuta majike, na ndege anayeruhusiwa kupigwa ni dume, au yeyote mwenye ndevu, yaani kile kishungi cha manyoya magumu kinachoning'inia kifuani. Mwindaji huingia porini gizani, akakaa chini huku ameegemea shina la mti, kisha akaita kama jike na kusubiri. Kunusa si kipaji cha bata mzinga, lakini macho na masikio yake hayana mzaha, kwa hiyo kila kitu hutegemea namna ulivyokaa kabla hajafika.

Asubuhi iliyonifunza ilikuwa ya msimu wangu wa pili. Dume lilikuwa limelala juu ya mti, kama mita 100 kutoka nilipokuwa, na lilipoanza kulia nilijitupa chini ya mwaloni wa kwanza niliouona bila kuangalia kilichokuwa kando yake. Liliposhuka halikuja mbele kama nilivyotarajia, bali lilizunguka likatokea upande wangu wa kushoto, hatua kama 30 hivi. Nikaanza kuugeuza mtutu polepole, ukanaswa na tawi kavu lisilozidi unene wa kidole changu. Nilinyoosha mkono nilivunje kimyakimya, jambo ambalo leo naona lilikuwa la kipumbavu, maana tawi kavu halina kimyakimya. Lilipasuka kama njugu ikivunjwa kwa meno, ndege akatoa mlio mmoja mfupi wa tahadhari, na sikumwona tena.

Kero kubwa katika shamba ninalowinda ni waridi la porini lenye miiba ya kupinda, ambalo lililetwa Marekani kutoka Japani mwaka 1866 kwa ajili ya kupandikizia mawaridi ya bustani, na kuanzia miaka ya 1930 serikali yenyewe ikawahimiza wakulima walipande kama uzio wa mifugo. Leo limegeuka gugu. Mwenye shamba, mzee mmoja mkarimu, nilipomwomba ruhusa ya kukata matawi machache alicheka, akaniambia nikilimaliza lote ataniandalia chakula cha mchana. Katika ardhi ya umma mambo ni tofauti, kwa kuwa kanuni za kukata mimea hubadilika kutoka eneo hadi eneo, kwa hiyo huko huzisoma kwanza.

Mkasi niliouchagua ni ule ambao makali yake hupishana kama ya mkasi wa nguo. Aina nyingine, ambayo wembe wake hutua juu ya kibati, huponda tawi bichi badala ya kulikata. Mpini wake ulikuwa mwekundu, rangi nzuri kwa mtu wa bustani anayeangusha vitu majanini, lakini kichwa cha dume la bata mzinga nacho ni chekundu, cheupe na buluu, na mwindaji mwingine akiona wekundu ukicheza kichakani anaweza kufyatua kabla ya kufikiri. Niliuzungushia utepe wa kahawia wote, nikatia tone la mafuta kwenye springi ili isilie.

Siku hizi hufika mnamo saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikachagua mti mpana kuliko mabega yangu, nikakaa kwanza, ndipo nikakata. Mpangilio huo una sababu: mtu aliyesimama hukata mengi mno, ilhali aliyekaa huona kwamba vinavyomzuia ni vijiti vinne au vitano tu kwenye njia ya mtutu, kulia na kushoto. Vya mbele huviacha vinifiche, na wakati mwingine huongeza matawi mawili ya mwerezi nikayachomeka ardhini usawa wa magoti. Ncha zilizokatwa huzipaka tope, kwa sababu ule weupe wa mti mbichi hung'aa sana jua linapochomoza.

Makosa hayakukosekana. Gizani niliwahi kukata mmea utambaao, wenye vijimizizi kama nywele vinavyoshika shina la mti, kisha nikajifuta uso kwa mkono uleule. Huo ndio upupu wa huku, ila utomvu wake ni mbaya zaidi kwa kuwa hubaki hata kwenye chuma. Niliwashwa wiki mbili, na tangu hapo wembe huufuta kwa spiriti kila nirudipo. Siku nyingine kibanio cha mkasi kilifunguka chenyewe ndani ya kizibao, kikatoboa mfuko pamoja na suruali, nami nikaushonea ala ya ngozi.

Aprili iliyopita dume lilinijia tena kutoka kushoto, kana kwamba ni yuleyule. Mtutu uligeuka bila kugusa kitu. Jioni, baada ya kuripoti windo kama sheria inavyotaka, niliuosha mkasi kwa maji ya moto na sabuni nikaukatia mabawa kwenye viungo, na mke wangu akauliza kama huo ndio mkasi wa mawaridi yake.