Siku moja maishani mwangu: mgambo wa kata, Mwanza

Saa 11 alfajiri nishaamka, napiga buti brashi maana mgambo mwenye buti chafu hakuna anayemsikiliza, hilo nililishika kwenye mafunzo, miezi minne tunakimbizwa na wanajeshi.

Saa 2 niko ofisi ya kata, mtendaji ananipa barua tatu za wito nipeleke mitaani. Mzee mmoja kagoma kupokea, "wewe siyo polisi". Namwambia shikamoo baba, kweli siyo polisi, ila barua ni ya kwako. Kapokea. Na sheria ya mwaka 1975 ilimpa mgambo uwezo wa kukamata kama polisi, ila wengi hawajui, na sisi wenyewe wengine hatujui unaishia wapi.

Saa 8 mchana ndo nikasikia mwizi! mwizi! Nakimbia nakuta kijana yuko chini, damu mpaka kwenye shati, ndala moja mguuni, simu ya watu pembeni na jamaa mmoja anakuja anavingirisha tairi. Nikapuliza filimbi, nikaingia katikati nikasema kwa sauti huyu yuko chini ya ulinzi, atakayemgusa naondoka naye. Sina pingu sina bunduki, nina kirungu tu, na yule mtoto kanishika mkanda hauachii. Kilichonisaidia ni kwamba nawajua, nikaanza kuwaita kwa majina, baba fulani, mama fulani, wewe nilikuja msibani kwako juzi tu, mawe yakaanza kushuka moja moja.

Bajaji mpaka kituoni. Pale kazi yangu inaisha, jalada wanafungua wao, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, wanatoa wao ndo apelekwe hospitali, mie naandika maelezo nakabidhi na simu kama kielelezo. Kupiga mtuhumiwa haimo kwenye kazi yangu, na wenzangu wanaopiga wanatuharibia wote.

Saa 11 jioni narudi mtaani, dada wa genge ananiambia umemtetea mwizi. Nikamwambia dada yangu, nimempeleka polisi, si ndo mlitaka akamatwe?

Saa 4 usiku doria ya ulinzi shirikishi, tochi na vijana sita, mzee wetu anasimulia sungusungu, walinzi wa jadi wa Usukumani, miaka ya 80 walivyokomesha wezi wa ng'ombe, namsikiliza lakini naye anakiri kuna waliouawa bure.

Tukapita kwa mama yake yule kijana, taa bado inawaka. Akafungua mlango, akauliza tu, "afande, amekula?"

Sikuwa na jibu. Kesho kabla ya saa 2 napita kituoni na chai.