Kupamba nyumba ya Mji Mkongwe: kibali kwanza, rangi baadaye

Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kinacholindwa si milango ya nakshi peke yake. Wewe mpambaji, kabla ya kuvunja ukuta wa ndani, kuhamisha ngazi au kuongeza bafu la ghorofani, peleka michoro kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. "Fundi kasema hakuna shida" si kibali.

Kosa linaloniuma zaidi ni plasta ya saruji. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa; unyevu unaopanda lazima upate pa kutokea. Saruji huuzuia, chumvi husukuma rangi hadi ibanduke, na vichwa vya boriti za mikoko huoza ndani ya ukuta bila kuonekana. Tumia chokaa iliyorowekwa, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, mchanga usiwe wa pwani. Lowesha ukuta, piga tabaka nyembamba, kisha malizia kwa chokaa, si rangi ya plastiki.

Na kama muuza vigae anakupa kamisheni, iandike kwenye makadirio mteja aione kabla hajasaini.