Nilivyoifunga Redis iliyokuwa wazi nyuma ya ukuta wa moto

Redis ni hifadhi ya data inayokaa kwenye kumbukumbu, nami naitumia kama kache, yaani nakala za muda za kuharakisha programu. `ufw status`, amri inayoonyesha hali ya ukuta wa moto, ilionyesha kuwa seva inapokea porti 22, 80 na 443 tu. Lakini nilipotuma `PING` kwa `redis-cli` kutoka kwenye mashine iliyo nje ya mtandao wa seva, nilijibiwa `PONG`. Nywila haikuulizwa.

Chanzo ni mstari nilioandika mwenyewe kwenye faili ya Compose (mpangilio wa kontena, visanduku ambamo Docker huendeshea programu): `"6379:6379"`. Docker ikifungua porti namna hiyo huandika kanuni zake moja kwa moja kwenye iptables (kanuni za mtandao za Linux), na pakiti hupelekwa kwenye kontena bila kupita kanuni za ufw. Yaani ufw haidanganyi, ila haiulizwi. Halafu `protected-mode`, kinga iliyokuja na Redis 3.2 ili kukataa wageni pasipo na nywila, huzimwa kwenye imeji rasmi ya Docker ili kontena nyingine ziweze kuifikia.

Hatari si kusomwa kwa data peke yake. Katika matoleo kabla ya 7, aliyeingia huweza kubadili `dir` na `dbfilename` kwa `CONFIG SET`, akaamuru `SAVE`, na faili ikaandikwa popote Redis ina ruhusa. Redis ikiendeshwa na root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) moja kwa moja kwenye seva, nje ya kontena, hapo mashine yote imekwenda.

Nilifuta sehemu yote ya `ports`. Programu na Redis ziko kwenye mtandao mmoja wa Compose, hivyo programu huita `redis:6379` na inatosha. Ukihitaji kuifikia kutoka kwenye seva yenyewe, andika `"127.0.0.1:6379:6379"`, na ukiwa mbali pitia handaki la SSH: `ssh -L 6379:127.0.0.1:6379 mtumiaji@seva`. Kisha pima kutoka nje kwa `nc -zv`, kwa anwani ya IPv4 na ya IPv6 pia. Kupima ukiwa ndani ya seva ileile hakuthibitishi kitu.

Baada ya hapo nikaweka mtumiaji `duka` mwenye ruhusa chache kwa ACL (orodha ya ruhusa), jambo linalowezekana tangu Redis 6:

`ACL SETUSER duka on >NYWILA ~kache:* -@all +get +set +del +ping +eval`

Nywila niliitoa kwa `ACL GENPASS`, herufi 64. Usibuni ya kichwani, kwa sababu Redis hukagua nywila upesi mno na anayebahatisha atajaribu nyingi kwa sekunde moja. `ACL SETUSER default off`, inayomzima mtumiaji wa awali, ije mwisho, baada ya programu kuungana kwa jina jipya na wewe kuwa na mtumiaji mwingine wa usimamizi. Ukiona kosa la `NOPERM` (huna ruhusa), soma `ACL LOG`. Mara nyingi ni maktaba ya programu inayotuma `SELECT` (amri ya kuchagua hifadhidata) inapoungana. Pia ruhusa hizi hupotea Redis ikiwashwa upya, isipokuwa umezihifadhi, kwa mfano kwa kutaja `aclfile` na kuamuru `ACL SAVE`.

Kwa upande wa kache yenyewe, Redis ya biti 64 haina kikomo cha kumbukumbu usipokiweka. Kwenye seva ya GB 2 niliweka `maxmemory 512mb` na `maxmemory-policy allkeys-lru`, inayofuta kwanza data isiyotumika kwa muda mrefu. Ukiacha `noeviction`, ambayo ndiyo ya kawaida, kikomo kikifika amri zinazoongeza data hukataliwa. Ila `allkeys-lru` hufuta chochote, hata vikao vya watumiaji na foleni za kazi. Hivyo nilivihamishia kwenye kontena ya pili.

Muda wa kuisha nao usiwe sawa kwa funguo (majina ya data) zote. Ukiweka sekunde 300 kwa kila bidhaa, zitaisha pamoja na hifadhidata itavamiwa na maombi yote kwa mpigo. Mimi huongeza sekunde 0 hadi 60 za bahati nasibu. Kwa ufunguo unaoombwa sana natumia kufuli: `SET kache:kufuli:42 KITAMBULISHO NX EX 10`, ambapo `NX` huandika tu kama ufunguo haupo na `EX 10` huufuta baada ya sekunde 10. Aliyelipata huenda kwenye hifadhidata, wengine husubiri milisekunde 50 na kusoma tena. Kufungua ndiko kwenye mtego: hati fupi ya Lua (lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya Redis) ilinganishe kitambulisho kwanza ndipo ifute, la sivyo ombi lililochelewa litafuta kufuli la mwenzake. Ndiyo maana `+eval` imo kwenye ruhusa pale juu, na jina la kufuli linaanza na `kache:`.

Sasa hukagua `INFO stats`. `evicted_keys` (funguo zilizofutwa kwa kukosa nafasi) ikipanda upesi huku `keyspace_misses` (zilizotafutwa zikakosekana) ikiisogelea `keyspace_hits` (zilizopatikana), MB 512 hazitoshi.