PMCA, pampu ya kalisiamu ya utando wa seli: mstari wa 140 umetokea, mara ya saba

Jana saa tatu usiku mstari wa kahawia ulijitokeza kwenye nitroselulosi, karatasi ninayohamishia protini kutoka kwenye jeli, pale pale kwenye kilodaltoni 140, uzito wa pampu hiyo. Nilipiga kelele mpaka sentinele akaja kugonga mlango.

Damu ni yangu mwenyewe, mililita 5. Maganda ya seli nyekundu nayaosha kwa fosfati baridi mpaka yawe meupe. Hapo sina shida. Shida ilikuwa jeli, ile inayotenganisha protini kwa ukubwa. Mara sita nimepata doa zito limeng'ang'ania mdomoni mwa kisima, kitundu ninamotia sampuli, chini yake patupu. Nikalaumu kingamwili, hii 5F10 ya panya inayoishika PMCA: umeme wa Bukavu mnaujua, nikasema frigo imeiua. Nikalaumu methanoli ya kuhamishia protini, nikaipunguza. Nikalaumu azidi iliyomo chupani, kwamba inanyamazisha peroksidesi, kimeng'enya kinacholeta rangi. Nikaosha, nikaosha tena. Bure.

Na jibu lilikuwa mbele ya macho! Kingamwili ingekuwa imekufa, lile doa la juu lingepakwa rangi na nani? Kipande nisichokitia 5F10 kilikuwa safi kabisa.

Kumbe nilikuwa nachemsha sampuli, digrii 95, dakika 5, kama nilivyozoea kwa albumini. Pampu ya kalisiamu inatoboa utando mara 10. Ukiichemsha, zile sehemu zinazokimbia maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe, unabaki na bugali wa mabonge usiopita kwenye jeli yoyote. Safari hii nimeiacha ndani ya SDS, sabuni ya kukunjua protini, kwa digrii 37, nusu saa, kwenye termosi ya chai ya nyumbani, maana umeme ulikuwa umekatika. Miezi miwili imekwenda, dawa yenyewe maji ya uvuguvugu!

Chini yake kuna mstari mwembamba, karibu 124. Huo naujua: kalpaini, kimeng'enya cha kukata protini, ikiamshwa na kalisiamu, inakata mkia wa pampu. Nilisahau EGTA, dawa ya kuifunga kalisiamu.

Wenzangu wanaoonyesha mistari kwa mwangaza wananicheka kwa kung'ang'ania DAB, dawa inayoleta rangi hii ya kahawia. Wacheke. DAB haidai filamu wala chumba cheusi, napiga picha kwa simu. Vaeni glavu tu, ni sumu.

Wiki hii nilipanga kujaribu kalmodulini, protini inayoiamsha pampu. Lakini asubuhi nimepita Kadutu, nikakuta tilapia wazima wanarukaruka kwenye beseni. 5F10 inatambua aina zote 4 za PMCA ya binadamu. Je, ya samaki? Seli nyekundu za samaki zina kiini, kwa hiyo DNA itageuza maganda kuwa kamasi, na hilo sijui nitalishindaje kwa sentrifuji yangu ndogo.

"Papa, damu tu? Na nyama?" mama muuzaji akaniuliza. Nyama tutakula. Tilapia yuko ndooni chini ya meza yangu, heparini ya kuzuia damu isigande iko tayari, kalmodulini isubiri.