Nilivyofaulu kuivunja methilini bluu kwa mwanga

Mara ya kwanza nilipoona maji ya buluu yakiwa maangavu mbele ya taa, niliamini kazi imekwisha. Nilikuwa nimeyeyusha miligramu 10 za methilini bluu, ambayo ni rangi ya kutia vitu, katika lita moja ya maji na kutia unga wa kichocheo mseto, yaani vitu viwili vilivyounganishwa ili vitumie mwanga kuivunja rangi, nilioutengeneza mwenyewe. Kilichonishtua ni unga huo: nilipouzungusha kwenye sentrifuji, ulituama chini ya mrija ukiwa wa buluu, ilhali niliutia ukiwa wa manjano hafifu. Rangi haikuvunjika, ilikuwa imenata tu juu ya chembe.

Tangu siku hiyo sikuwasha taa kabla ya kuukoroga mchanganyiko gizani kwa dakika 30, na kipimo cha mwisho cha gizani ndicho nilichokihesabu kuwa mwanzo wa jaribio. Niliweka pia bika mbili za kulinganishia, moja ikiwa na mwanga bila unga, kwa kuwa rangi hii huweza kuchujuka yenyewe, na nyingine ikiwa na unga lakini imefunikwa gizani muda wote.

Ugumu uliobaki ulikuwa katika mseto wenyewe, wa titani dioksaidi na kaboni nitraidi. Titani dioksaidi ya umbo la fuwele liitwalo anatase ina pengo la nishati, yaani nishati ya chini kabisa inayohitajika kuamsha elektroni zake, la elektronivolti 3.2, kwa hiyo huamshwa na miale ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ndogo sana ya mwanga wa jua. Kaboni nitraidi, niliyoipata kwa kuchoma yurea katika chungu cha kauri chenye kifuniko kwa nyuzijoto 550 za Selsiasi, ina pengo la takriban 2.7, nayo hupokea hata mwanga wa buluu. Viwili hivi vikigusana barabara, elektroni huenda upande mmoja na matundu yake, yaani nafasi zilizoziacha, upande mwingine, visiwahi kurudiana kabla ya kuzalisha radikali, chembe kali za kikemia zinazoishambulia rangi. Nilipovichanganya vikavu kwa kinu sikupata nafuu yoyote. Nilipovisaga ndani ya ethanoli, nikavikausha na kuvipasha tena kwa nyuzijoto 400, ndipo tofauti ilipoonekana.

Safari hii kilele cha nanomita 664, mahali rangi hii inapofyonza mwanga zaidi, kilishuka huku kikisogea kuelekea mawimbi mafupi, dalili kwamba molekuli ilikuwa ikipoteza vikundi vyake vya methili, na unga ulirudi ukiwa wa manjano. Hata hivyo, kipimo cha kaboni ogania, yaani kaboni iliyomo katika rangi na mabaki yake, kilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaboni ilikuwa bado majini, ijapokuwa jicho halikuona rangi yoyote, kwa hiyo taa nikaiacha iendelee kuwaka.