Kinachokichakaza kichocheo cha seli ya haidrojeni

Kila ninaposoma kuhusu uimara wa seli za haidrojeni, yaani vifaa vinavyoligeuza haidrojeni na oksijeni ya hewa kuwa umeme wa kuendesha gari, narudi kwenye jambo lile lile: kichocheo huchakazwa zaidi na kupanda na kushuka kwa volti kuliko na wingi wa saa za kazi.

Kichocheo hicho, kinachoharakisha mmenyuko ndani ya seli, ni chembe za platinamu zenye kipenyo cha nanomita 2 hadi 5, zilizotawanywa juu ya kaboni. Dereva anapoachia pedali, volti ya kila seli hupanda na uso wa platinamu hujifunika oksaidi; anapokanyaga, volti hushuka na oksaidi hiyo huondoka. Katika mabadiliko hayo atomu chache huyeyuka, na baadhi hupotelea ndani ya utando unaotenganisha pande mbili za seli, ilhali nyingine huenda kujishikiza kwenye chembe kubwa zaidi, hata kubwa ikazidi kunenepa kwa kuila ndogo. Chembe zikikua kutoka nanomita 3 hadi 6, gramu ile ile ya platinamu hubakiwa na nusu tu ya eneo la kufanyia kazi.

Kuwasha gari ni hatari zaidi. Hewa ikiwa imeingia upande wa anodi, yaani ule wa haidrojeni, gari lilipoegeshwa, haidrojeni inapoanza kuisukuma nje, sehemu ya kathodi, yaani upande wa hewa, hufikia takriban volti 1.5 kwa muda mfupi. Hapo kaboni huliwa na kugeuka kaboni dayoksaidi, na platinamu hukosa pa kushika.

Kaboni iliyogeuzwa kuwa grafiti huhimili zaidi, ingawa chembe hushika kwa shida juu yake. Aloi ya platinamu na kobalti, yaani metali hizo mbili zikiwa zimechanganywa, huanza kwa nguvu, lakini asidi iliyo ndani ya seli huichomoa kobalti kidogo kidogo. Kinachonivutia mno ni aloi ambayo atomu zake zimejipanga kwa tabaka, moja ya platinamu, moja ya kobalti, kwa kuwa mpangilio huo huizuia kobalti kutoroka; ila kuupata kunahitaji joto kali, na joto hilo hilo huziunganisha chembe kabla hazijafanya kazi.

Kwa maoni yangu, udhibiti wa volti haujapewa uzito unaostahili. Betri inayobeba mishtuko ya mwendo huiacha seli itulie, na lori linalotarajiwa kufanya kazi saa 25,000 linauhitaji utulivu huo kuliko gari dogo la saa 8,000. Ndiyo maana ripoti ya kichocheo kipya ikifika mikononi mwangu, naanza na eneo la platinamu lililosalia baada ya mizunguko 30,000 ya kupanda na kushuka kati ya volti 0.6 na 0.95.