Kaka mtu tuliyeambiwa kawasahau wa kwao

Mama mkwe wangu ni Mwingereza wa Cornwall, na kwao kulikuwa na stori moja wanarithishana toka enzi, kwamba kaka mkubwa wa baba wa babu yake alipanda meli akaenda zake ng'ambo na hakuleta hata salamu, mama yake akafa na kinyongo. Mimi nimekulia Tanga, mtu wa kwenu akienda mbali akanyamaza najua inavyouma, basi jioni moja nikafungua laptopu nikamwambia mama leo tukae tumtafute.

Sensa ya 1851 haikusumbua, familia yote ipo Gwennap, hukohuko Cornwall, baba mchimba shaba, na yule kaka ana miaka 11 tu nae tayari kaandikwa ni wa mgodini! 1861 bado yupo nyumbani. 1871 hayupo, na mama mtu kaandikwa mjane. Sasa hapo katikati, 1866, bei ya shaba iliporomoka, migodi ya Cornwall ikawa inafungwa mmoja baada ya mwingine, na kule Moonta, Australia Kusini, shaba ilikuwa imegunduliwa 1861 na wachimbaji wanatafutwa kwa udi na uvumba, watu wa Cornwall wakahamia kwa maelfu. Nikasema tuanzie huko.

Maktaba ya Taifa ya Australia imeweka magazeti ya zamani mtandaoni bure kabisa, panaitwa Trove. Shida ilikuwa jina, manake wazee wale hawakujua kuandika, kwenye kitabu cha ndoa wameweka alama ya X tu, kwa hiyo kila karani kaandika alivyosikia yeye na sisi ikabidi tujaribu kila namna.

Usiku ushaenda ndo likatokea tangazo la vifo, gazeti la Adelaide, mji mkuu wa Australia Kusini, miaka ya 1870, mistari michache tu. Miaka ile taifodi ilikuwa inamaliza watoto Moonta, maji yenyewe ya shida, na hawa walikuwa wanawe wawili wamefuatana ndani ya wiki moja. Jina la baba lipo, Gwennap imetajwa, halafu mwishoni kabisa kuna ombi: magazeti ya Cornwall tafadhali nanyi lichapisheni.

Mama akavua miwani, akakaa kimya, kisha akasema, "Alikuwa anampa taarifa mama yake." Na ni kweli kabisa, mama asiyejua kusoma utampelekea habari vipi toka upande wa pili wa dunia, si unaiweka gazetini ukitumaini jirani atamsomea. Huyu mtu hakuwasahau, na miaka yote hiyo kasingiziwa.

Nilidhani tutalala sasa, wapi! Kwenye tangazo hilohilo walitajwa mabinti wawili waliobaki hai, na mama akataka tujue waliolewa na nani, maana wakishaolewa jina linabadilika na ukoo unapotelea hapohapo. Nikapika chai nyingine tukaanza na ndoa za Moonta.